Kuzuru Malta: Mwongozo kwa Msafiri wa Pwani

Watu wa Pwani wakitaja safari ya ng'ambo, majina huwa ni yale yale: Makka na Madina kwa ibada, Dubai na Muscat kwa biashara na jamaa, London kwa masomo na kazi. Malta haitajwi. Mwenye kuisikia huisikia kwenye taarifa za mpira, au kwenye habari za mashua za wahamiaji. Hali kisiwa hiki kidogo cha bahari ya Mediterania ni miongoni mwa nchi za Ulaya ambako Mswahili atakuta mengi anayoyatambua bila kuelezwa: nyumba za mawe zenye roshani za mbao, ngome za karne ya 16, mashua zenye macho, na lugha ambayo Ijumaa yake ni ndugu wa Ijumaa yetu.

Makala haya ni kwa anayepanga kwenda, na pia kwa anayetaka tu kujua. Yana hoja moja. Mgeni wa Malta huonyeshwa zaidi kisiwa cha mashujaa wa msalaba walioishinda Dola ya Uthmaniya mwaka wa 1565. Habari hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu. Nusu ya pili imo midomoni mwa watu na katika majina ya miji yao, na msafiri wa Pwani ana sikio la kuisikia.

Mahali kilipo

Malta ni nchi huru ya visiwa, iliyoko karibu kilomita 93 kusini mwa Sicily. Visiwa vinavyokaliwa ni vitatu: Malta yenyewe, Gozo, na Comino ambacho karibu hakina watu. Nchi yote ina kilomita 316 za mraba. Unguja peke yake inaweza kuimeza mara tano. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2021 wakazi walikuwa zaidi ya 519,000, na kwa hiyo ni moja ya nchi za Ulaya zilizosongamana mno.

Hakuna mto. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ni maji ya bahari yaliyotolewa chumvi mitamboni. Zamani kila nyumba ya Valletta ilitakiwa iwe na kisima cha kuvunia maji ya mvua, na mwaka wa 1615 ulikamilika mfereji wa kuleta maji mjini kutoka maeneo ya juu karibu na Rabat. Mtu wa Lamu aliyekulia kwenye nyumba yenye birika hatahitaji kufafanuliwa kwa nini.

Malta ilipata uhuru kutoka kwa Uingereza tarehe 21 Septemba 1964, miezi tisa tu baada ya Kenya, ikawa jamhuri mwaka wa 1974. Iliingia Umoja wa Ulaya mwaka wa 2004 na ikaanza kutumia yuro mwaka wa 2008. Urithi wa Mwingereza bado uko wazi: magari hupita kushoto, Kiingereza ni lugha rasmi, na plagi za umeme ni zile zile zenye meno matatu tunazotumia nyumbani.

Lugha: jamaa wa mbali

Waarabu waliiteka Malta mwaka wa 870 wakitokea Afrika Kaskazini na Sicily. Wanormani, waliokuwa Wakristo, wakaichukua mwaka wa 1091. Uislamu ulibaki kwa vizazi kadhaa, na katika karne ya 13 waliobaki kwenye dini hiyo wakafukuzwa au wakabadili. Lugha haikufukuzwa. Wamalta wa leo, walio wengi wao Wakatoliki, wanazungumza lugha iliyotokana na Kiarabu cha Sicily na Tunisia ya wakati ule.

Sikiliza majina ya siku: Alhamisi ni "il-Ħamis", Ijumaa ni "il-Ġimgħa". Sita ni "sitta", saba ni "sebgħa", tisa ni "disgħa". Kitabu ni "ktieb", bahari ni "baħar", dunia ni "dinja", soko ni "suq", wakati ni "waqt". Bwana arusi ni "għarus" na bibi arusi ni "għarusa".

La ajabu zaidi ni maneno ya dini. Mungu kwa Kimalta ni "Alla", na Bwana Mungu ni "Mulej", neno la ukoo mmoja na Mola wetu. Kanisa ni "knisja" na kasisi ni "qassis". Hapo Mkristo wa Pwani naye atajikuta nyumbani. Pasaka inaitwa "l-Għid", yaani Idi. Na ile Kwaresima, siku arubaini za mfungo kabla ya Pasaka, inaitwa "ir-Randan", neno lililotoka kwa Ramadhani. Dini ilibadilika, majina ya mfungo na sikukuu yakabaki.

Tusichanganye mambo, lakini. Kiswahili ni lugha ya Kibantu iliyoazima maneno ya Kiarabu. Kimalta ni kinyume chake: mizizi na vitenzi vyake ni vya Kiarabu, halafu ikaazima karibu nusu ya msamiati wake kutoka Sicily na Italia, na juu yake Kiingereza. Ndiyo maana utasikia "grazzi" kwa ahsante. Zote mbili zimewahi kudharauliwa na wageni kwamba ni lugha za mchanganyiko zisizo na mwenyewe, na zote mbili zina wenyewe.

Kwa karne nyingi Kimalta kilikuwa lugha ya jikoni, shambani na mashuani. Mahakama na wasomi walitumia Kitaliano. Shairi la zamani kabisa linalojulikana katika lugha hiyo, "Il-Kantilena" la Pietru Caxaro, ni la karne ya 15, na lilikuja kugunduliwa mwaka wa 1966 tu. Mwaka wa 1934 Kimalta kikafanywa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Kitaliano kikaondolewa. Leo ni lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya, na ndiyo pekee ya jamii ya Kisemiti miongoni mwa hizo. Watu nusu milioni wana sheria zao, magazeti yao na vitabu vya shule kwa lugha ambayo wakubwa waliiona ya wavuvi. Anayeogopa kwamba Kimvita, Kiamu au Kitikuu kitapotea midomoni mwa wajukuu na alipime hilo.

Vita vya Malta na ngome ya Mombasa

Mwaka wa 1530 Mfalme Charles wa Tano, aliyetawala Uhispania na Sicily, aliwapa kisiwa hiki Mashujaa wa Mtakatifu Yohana, chama cha watawa wapiganaji waliokuwa wamefukuzwa Rhodes na Waturuki. Kodi waliyotakiwa kulipa ilikuwa kozi mmoja wa kuwindia kila mwaka. Kutoka hapo wakawa wanashambulia merikebu za Waislamu.

Mwezi Mei 1565 Sultani Suleiman alituma jeshi kubwa kuwaondoa. Ngome ya Mtakatifu Elmo ilianguka tarehe 23 Juni baada ya zaidi ya wiki tatu, na humo vitani akafa Turgut Reis, nahodha mashuhuri ambaye Wamalta humwita Dragut. Lakini ngome nyingine hazikuanguka. Mwezi Septemba jeshi la msaada lilifika kutoka Sicily kwa amri ya Mfalme Philip wa Pili wa Uhispania, na Waturuki wakaondoka. Tarehe 8 Septemba hadi leo ni sikukuu ya taifa. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Machi 1566, likawekwa jiwe la msingi la mji mpya ulioitwa Valletta kwa jina la mkuu wa mashujaa, Jean de Valette. Mchoraji wa ramani yake alikuwa Francesco Laparelli, mhandisi Mwitaliano aliyetumwa na Papa.

Sasa tazama mambo yanavyokutana. Mwaka wa 1580 Philip huyo huyo akawa pia mfalme wa Ureno. Katika miaka ya 1580 nahodha wa Kituruki, Mir Ali Bey, alikuja mara mbili kwenye pwani yetu, na miji kadhaa ikampokea ili kujikomboa na Wareno. Mwaka wa 1589 alishindwa Mombasa, akachukuliwa mateka hadi Ureno. Ili jambo hilo lisijirudie, mwaka wa 1593 Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus, kwa mchoro wa Mwitaliano mwingine, Giovanni Battista Cairati.

Kwa hivyo kuta za Valletta na kuta za Fort Jesus ni za ukoo mmoja: mfalme mmoja, adui mmoja, na elimu moja ya Kiitaliano ya kujenga pembe zilizochongoka zisizomwachia mshambuliaji mahali pa kujificha. Aliyepita Fort Jesus mara mia akisimama chini ya kuta za Valletta ataujua mkono uliozichora. Tofauti ni ukubwa. Huko si ngome moja bali mji mzima umezungushiwa ukuta.

Mambo ya kuona

*Valletta.* Mji mkuu hauna hata kilomita moja ya mraba, na wote umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1980. Barabara zake zimenyooka kama zilizopigwa rula. Nyumba ni za jiwe la chokaa la rangi ya asali, na juu yake zimening'inia roshani za mbao zilizofungwa pande zote kwa vioo, zimepakwa kijani, nyekundu au buluu. Mtu wa Mji wa Kale, Mombasa, atasimama kuzitazama kwa jicho la ujirani.

Kanisa la Mtakatifu Yohana lilijengwa kati ya 1573 na 1578. Nje ni kavu kama ghala. Ndani ni dhahabu tupu, na sakafu yake ni makaburi ya mashujaa karibu 400 yaliyofunikwa kwa marumaru za rangi. Humo imo picha ya Caravaggio ya mwaka wa 1608 ya kuchinjwa kwa Nabii Yahya, ndiye Yohana Mbatizaji, ambayo ndiyo kazi pekee aliyoitia saini.

Nenda bustani ya Upper Barrakka saa sita kamili za mchana au saa kumi za alasiri: mizinga hupigwa kwa salamu, na Bandari Kuu yote iko chini yako. Ng'ambo ya pili ni Miji Mitatu, na wa kwanza wake ni Birgu, ambako mashujaa walikaa kabla ya Valletta. Unaweza kuvuka kwa mashua ndogo iitwayo "dgħajsa".

*Mdina na Rabat.* Huu ndio mji mkuu wa kale, na jina lake ni "madina" tu, mji. Kitongoji nje ya ukuta ni Rabat. Ndani ya Mdina wamebaki wakazi mia chache, magari ya wageni hayaingii, na vichochoro vyake vimepindapinda kwa makusudi ya kivuli na ulinzi. Wakristo watapenda kujua kuwa kisiwa hiki ndicho kinachotajwa katika Matendo ya Mitume, Mtume Paulo alipovunjikiwa na jahazi akielekea Roma. Sikukuu yake ni tarehe 10 Februari.

*Marsaxlokk.* Ni kijiji cha wavuvi, na soko lake kubwa ni Jumapili. "Marsa" ni bandari, "xlokk" ni upepo wa kusini-mashariki. Ni jina la watu wanaoita mahali kwa upepo kama sisi na kusi na kaskazi. Mashua zake, ziitwazo "luzzu", zina macho mawili yaliyochorwa kwenye omo. Majahazi ya Lamu nayo yana macho.

*Mahekalu na makaburi ya kale.* Kabla ya wote hao, watu tusiowajua majina walijenga mahekalu ya mawe makubwa. Ġgantija, huko Gozo, lina umri wa miaka zaidi ya 5,500. Ni kongwe kuliko piramidi za Giza kwa zaidi ya miaka 1,000. Ħaġar Qim na Mnajdra yako juu ya bahari, kusini mwa Malta. Katika mji wa Paola kuna Hypogeum ya Ħal Saflieni, makaburi ya vyumba vilivyochongwa chini ya ardhi kwa ghorofa tatu, yaliyogunduliwa mwaka wa 1902 mafundi walipokuwa wakichimba visima vya nyumba. Inakadiriwa watu 7,000 walizikwa humo. Huingia watu kumi tu kwa saa, ili pumzi zao zisiharibu kuta. Tiketi hununuliwa kwenye intaneti wiki nyingi kabla. Ukifika bila tiketi utarudi.

*Gozo na jiwe la Maimuna.* Feri ya Gozo huchukua dakika 25 hivi kutoka Ċirkewwa, na nauli hulipwa wakati wa kurudi. Mji wa kati huitwa Victoria, lakini wenyeji huuita Rabat. Juu yake kuna ngome iitwayo Cittadella, na ndani ya ngome kuna makumbusho ya akiolojia.

Humo limo jiwe la kaburi la binti aliyeitwa Maimuna, binti Hassan, aliyefariki mwezi wa Shaaban mwaka wa 569 wa Hijria, yaani Machi 1174. Limeandikwa kwa hati ya Kikufi, likiwa na aya za Kurani na maneno ya kumkumbusha mpita njia kwamba hakuna kinga mbele ya mauti. Waliolichonga walitumia kipande cha marumaru cha Warumi. Geuza upande wa pili utaona nakshi za Kirumi.

Angalia tarehe. Ni miaka 83 tangu Wanormani wa Kikristo walipokitwaa kisiwa, na bado kuna familia ya Kiislamu yenye uwezo wa kumzika binti yao kwa jiwe la namna hiyo, hadharani. Maandishi ya Kikufi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ni ya mwaka wa 1107. Yaani vibao hivi viwili, mmoja Bahari ya Hindi na mwingine Mediterania, vinapishana kwa umri wa mtu mmoja. Watalii wengi hupita hapo haraka wakikimbilia fukwe. Wewe usipite haraka.

Sura isiyopigiwa tarumbeta

Utajiri wa mashujaa ulitokana kwa sehemu na utumwa. Merikebu zao zilipigwa makasia na mateka, wengi wao Waislamu kutoka Afrika Kaskazini na nchi za Waturuki, na mateka hao walifanyishwa kazi kwenye ngome pia. Upande wa pili ulifanya vivyo hivyo: mwaka wa 1551 Dragut aliivamia Gozo akawachukua karibu watu wote, wapatao 5,000, kuwa watumwa. Mwaka wa 1749 watumwa wa Malta walipanga uasi. Siri ikatoka na wengi wakauawa. Napoleon alipoiteka Malta mwaka wa 1798 ndipo utumwa ulipokomeshwa.

Sisi wa Pwani tunajua ugumu wa kulizungumza jambo hili bila kuchagua upande wa kulilia. Ukiwa Valletta, muulize anayekuongoza watumwa walilala wapi. Swali hilo hufungua mazungumzo ambayo hayamo kwenye vijitabu.

Jambo jingine ni la leo. Tangu 2002 maelfu ya Waafrika wamefika Malta kwa mashua kutoka Libya, wengi wakitoka Somalia, Eritrea, Sudan na Afrika Magharibi. Wengine walikufa maji. Waliobaki utawaona kwenye ujenzi, hotelini na kwenye usafi. Malalamiko ya ubaguzi yapo, na mgeni mweusi anaweza kuulizwa karatasi mahali ambapo mzungu haulizwi. Tembea na pasipoti au nakala yake, jibu kwa utulivu, na usione haya kumsalimu Msomali wa Paola kwa salamu mnayoijua nyote wawili.

Wanavyoitunza, na wanavyoiharibu

Malta ilipigwa mabomu vibaya na Wajerumani na Waitaliano katika Vita vya Pili vya Dunia, hata Mfalme wa Uingereza akakitunuku kisiwa kizima Msalaba wa George mwezi Aprili 1942. Mwezi huo huo jumba la opera la Valletta lilivunjwa kwa bomu. Miaka mingi baadaye mbunifu Renzo Piano alipewa kazi ya kutengeneza lango la mji. Hakulijenga upya jumba lile. Aliyaacha magofu yakiwa magofu, akayageuza ukumbi wa wazi wa maonyesho. Wamalta wengi walichukia wakati huo, lakini leo kila mpita njia anaona nguzo zilizovunjika na anauliza kilichotokea.

Serikali pia imekuwa na mpango wa ruzuku kwa wenye nyumba za zamani ili kutengeneza sura za nyumba na zile roshani za mbao. Hapo ndipo mtu wa Mombasa au Lamu huuma kidole. Lamu iliingia urithi wa dunia mwaka wa 2001 na Fort Jesus mwaka wa 2011, lakini roshani ya mbao haishikiliwi na cheti cha UNESCO. Hushikiliwa na fundi seremala, na fundi hula kwa kulipwa. Mwenye nyumba asiye na uwezo, ukimkataza kuvunja na usimsaidie kutengeneza, atasubiri ianguke yenyewe.

Hata hivyo, tusiwapambe kuliko walivyo. Nje ya miji ya kale ghorofa mpya zimejazana, winchi za ujenzi ziko kila upande, na wenyeji wenyewe wanalalamika kwamba kisiwa kimeuzwa. Rasi ya maji ya Blue Lagoon huko Comino ilifurika watalii hata ikabidi, mwaka wa 2025, kuwekwe utaratibu wa kujiandikisha kabla ya kwenda. Na lile dirisha la mwamba la Gozo lililojaa kwenye picha za zamani usilitafute: lilianguka baharini katika dhoruba ya tarehe 8 Machi 2017.

Safari yenyewe

*Viza.* Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15, usingoje mwisho. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukikataliwa. Utatakiwa bima ya safari ya angalau yuro 30,000, taarifa za benki, mahali pa kulala, na ushahidi kuwa una kazi au familia ya kukurudisha nyumbani. Uliza kwanza ni ofisi gani inapokea maombi ya Malta kwa wakati huo, na jihadhari na mawakala wanaoahidi viza ya uhakika. Hakuna wakala mwenye uwezo huo.

*Ndege.* Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Kenya. Njia rahisi ni kupitia Istanbul au Dubai, au mji mwingine wa Ulaya.

*Kutembea.* Huhitaji gari. Mabasi hufika karibu kila kijiji, mengi yakianzia kituo kilicho mbele ya lango la Valletta, na tiketi moja hutumika kwa saa mbili. Kiangazi hujaa, basi toka mapema. Kati ya Sliema na Valletta panda feri ndogo. Kwa aliyezoea Likoni itakuwa kama mchezo.

*Majira.* Julai na Agosti jua ni kali, hupita nyuzi 30, na bei hupanda. Desemba hadi Februari kuna mvua na upepo wa baridi unaopenya nyumba za mawe, chukua koti. Miezi mizuri ni Aprili, Mei na Oktoba.

*Chakula.* Mkate wao bapa, "ftira", hujazwa jodari, nyanya, zeituni na mafuta yake. "Imqaret" ni vitumbua vya tende vilivyokaangwa. Sungura ndiye nyama ya sherehe. "Pastizzi" za jibini au njegere huuzwa kila kona kwa bei ya chini, lakini anayechunga halali aulize zimekandwa kwa mafuta gani, kwani nyama ya nguruwe na mafuta yake ni kawaida huko. Samaki ndiye salama yako. Bei ya mkahawa wa pwani ni ya Ulaya. Ukipika mwenyewe chumbani utaokoa nusu.

*Swala.* Msikiti mkuu uko Paola. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka wa 1978 na Muammar Gaddafi, wakati Libya na Malta zilipokuwa na urafiki mkubwa. Uko mji mmoja na Hypogeum, kwa hivyo unaweza kupanga Ijumaa moja ukamaliza yote mawili. Karibu na hapo, Marsa, kuna makaburi ya Waislamu yaliyojengwa mwaka wa 1874 kwa amri ya Sultani Abdulaziz. Aliyeyachora alikuwa Mkatoliki wa Malta, Emanuele Luigi Galizia.

*Adabu.* Kanisani funika mabega na magoti. Wenyeji huelewa Kiingereza karibu wote, lakini ukimwambia mzee wa kijijini "saħħa" wakati wa kuagana, neno lililo jamaa na siha, uso wake utabadilika.

Siku nne zikitosha

Siku ya kwanza iwe ya Valletta peke yake, kwa miguu. Ya pili vuka Birgu asubuhi, na alasiri uende Paola kwa Hypogeum na swala. Ya tatu iwe ya Mdina na Rabat, na ukiwa na gari au subira ya basi, umalizie Ħaġar Qim. Ya nne toka alfajiri uende Gozo: Ġgantija kwanza kabla ya makundi, kisha Cittadella.

Ukiwa kwenye feri ya kurudi, soma vibao vya barabara uliyopitia: Marsa, Rabat, Mdina, Żejtun ya mizeituni, Gżira ambayo ni jazira, Ramla yenye mchanga. Waliotoa majina hayo walishindwa vita, wakapoteza dini na dola, na hakuna sanamu yao hata moja uwanjani. Lakini dereva wa basi anawataja kila siku, kituo baada ya kituo.